MAHJUB BIN ADAM MOHAMED: MTOTO WA ASKARI WA DAR ES SALAAM NA DENI LA VITA VYA 1914

1.0 UTANGULIZI

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia imeacha alama tatu zinazojulikana sana katika mji wa Dar es Salaam. Alama ya kwanza ni Sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927 katikati ya mji. Ya pili ni jina la Kariakoo, lililotokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza waliopiga kambi pale. Ya tatu ni makaburi ya vita yaliyoko Kinondoni, kando ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, ambayo mwandishi wa makala hii huyapita kila asubuhi akitoka nyumbani kwenda kazini. Mistari ya mawe yale imenyooka, nyasi hukatwa kwa wakati, na daladala hupita bila abiria kugeuza shingo.

Alama hizi zina upungufu mmoja. Sanamu iliwekwa na washindi kwa heshima ya Waafrika waliomtumikia Mfalme wa Uingereza, na Kariakoo pia ni jina la kambi ya washindi. Ama yule askari Mwafrika aliyepigana upande wa Wajerumani, ambaye mara nyingi ndiye aliyekuwa mkazi wa mji huu kabla ya vita, hana sanamu wala mtaa. Walioshindwa walimkumbuka kwa namna yao huko Ulaya: walimfanya hadithi ya utiifu usio na swali, wakaitumia hadithi hiyo kudai warudishiwe makoloni.

Makala hii inakusudia kueleza maisha ya mmoja wa askari hao, Mahjub bin Adam Mohamed, anayejulikana zaidi katika maandishi ya Ulaya kwa jina la Bayume Mohamed Husen. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, akaingia vitani mwaka 1914, akafundisha Kiswahili mjini Berlin, akaonekana katika sinema nyingi, na akafa mwaka 1944 katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Hoja yetu ni kwamba maisha haya hayaeleweki kwa kutumia neno utiifu. Yanaeleweka vyema zaidi kwa kutumia neno deni. Askari alitoa kazi na damu yake kwa mapatano ya ujira na heshima, na maisha yote ya Mahjub baada ya vita yalikuwa ni kudai kilichobaki.

2.0 KUZALIWA NA MALEZI

Mahjub alizaliwa tarehe 22 Februari 1904. Baba yake, Adam Mohamed, alikuwa askari mwenye asili ya Sudan aliyepanda cheo katika jeshi la koloni lililoitwa Schutztruppe. Uhusiano wa Wasudani na jeshi hilo ulianza mwaka 1889, Hermann von Wissmann alipoajiri Wasudani wapatao 600 mjini Cairo ili kuzima upinzani wa Abushiri na wenzake katika pwani yetu. Waliajiriwa kwa mkataba na kwa mshahara. Wengi hawakurudi kwao. Walioa hapa, wakazaa hapa, na watoto wao wakakua wakisema Kiswahili.

Jeshi hilo lilikuwa na msamiati wake. Vyeo vya Waafrika vilikuwa ombasha, shaushi, betshaushi, sol na efendi, maneno yaliyopitia Kituruki na Kiarabu cha Misri. Kwa hiyo mtoto aliyekulia miongoni mwa askari alisikia tangu udogoni Kiarabu cha wazee, Kiswahili cha mama na wenzake wa mtaani, na Kijerumani cha maofisa. Mahjub alijifunza Kijerumani mapema, na kabla ya vita alikwisha kufanya kazi ya karani kiwandani mjini Lindi, akiwa bado mtoto.

Ni vema kuikumbuka Dar es Salaam ya wakati ule. Ilikuwa mji mdogo uliozunguka bandari. Sehemu ambazo leo ni Kinondoni na Temeke, zenye nyumba hadi ukingo wa kila bonde, hazikuwa sehemu ya mji. Utawala ulikuwa umekaza mizizi. Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 vilikuwa vimezimwa kwa moto na njaa, na askari kama Adam Mohamed ndio waliokuwa mkono wa utawala huo. Jambo hili halipaswi kufichwa. Katika macho ya wakulima wa Kusini, askari alikuwa mtu wa kuogopwa kabla ya kuwa mtu wa kuhurumiwa. Kwa upande wake, askari aliiona kazi yake kuwa ndiyo riziki: mshahara uliozidi sana ujira wa kibarua, cheo, na kofia iliyomfanya apishwe njiani.

Mwaka aliozaliwa Mahjub ndio mwaka utawala ulipoanzisha sarafu mpya ndogo, rupia moja ikagawanywa katika Heller 100. Katika vinywa vya watu sarafu hiyo ikawa hela. Tutalirudia neno hili mwishoni.

3.0 AGOSTI 1914

Mwanzoni mwa mwaka 1914 koloni lilikuwa na sababu ya kusherehekea. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma mwezi Februari, na maonyesho makubwa yalikuwa yakiandaliwa Dar es Salaam kwa mwezi wa Agosti. Wageni walikuwa wameanza kufika. Badala ya maonyesho ikaja vita.

Tarehe 31 Julai manowari ya Kijerumani iliyoitwa Königsberg ilitoka bandarini ili isije ikazingirwa humo. Tarehe 4 Agosti Uingereza ilitangaza vita dhidi ya Ujerumani, na habari hiyo ikaufikia mji kwa simu ya upepo siku iliyofuata. Tarehe 8 Agosti manowari za Kiingereza, Astraea na Pegasus, zilijitokeza mbele ya mji, zikaupiga mizinga mlingoti wa simu hiyo. Kwa wakazi wa mji huu, hiyo ndiyo ilikuwa sauti ya kwanza ya vita ambavyo sababu zake zilikuwa Ulaya. Wajerumani nao walilizamisha gudi la kuelea katika mlango wa bandari.

Walioongoza koloni hawakukubaliana juu ya la kufanya. Gavana Heinrich Schnee alitaka makoloni yasiingizwe vitani, akitegemea mkataba uliotiwa saini Berlin mwaka 1885 uliotoa nafasi ya makoloni ya Afrika ya Kati kuwa nje ya vita vya Ulaya. Isitoshe, aliogopa kwamba vita vya wazungu kwa wazungu, vikipiganwa mbele ya Waafrika miaka michache baada ya Maji Maji, vingeubomoa utawala wenyewe. Kamanda wa jeshi, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyewasili Dar es Salaam mwezi Januari mwaka huo huo, alikuwa na fikra nyingine. Aliona kwamba koloni haliwezi kuokolewa, lakini laweza kuwashughulisha Waingereza maelfu ambao vinginevyo wangepelekwa Ulaya. Aliwakusanya askari wake Pugu, nje kidogo ya mji, mahali mizinga ya manowari isipowafikia.

Msomaji atazame vizuri hesabu hii ya Lettow-Vorbeck, kwa sababu ndiyo iliyoamua maisha ya mamilioni ya watu kuanzia Tanga hadi Ruvuma. Nchi ilikuwa si kitu cha kulindwa bali chambo. Jeshi lenyewe lilikuwa dogo: kombania 14, Wajerumani wasiozidi 300 na askari wapatao 2,500. Kombania nyingi zilikuwa na bunduki za mtindo wa mwaka 1871, zilizotoa moshi mzito kila zilipolia na kumfichua mpigaji. Palihitajika watu, na watu wakatafutwa haraka. Adam Mohamed alikwenda vitani, na mwanawe akaenda pamoja naye. Mahjub alikuwa na umri wa miaka kumi na nusu.

Hali hii haikuwa ya ajabu kama inavyoonekana leo. Jeshi lile lilisafiri na familia. Nyuma ya kila kombania walifuata wake wa askari, watoto, vijana wa kubeba bunduki na sufuria. Mtoto wa askari alikuwa nusu mwanajeshi tangu kuzaliwa. Mahjub, hata hivyo, aliandikishwa rasmi kuwa mwanafunzi wa ishara. Yaani alijifunza kupeleka habari kwa bendera, kwa simu, na kwa heliografu, kile kioo kinachotuma alama za mwanga wa jua kutoka kilima hadi kilima. Alichaguliwa kwa kazi ambayo mtoto ajuaye Kijerumani na kuandika angeifaa kuliko mtu mzima asiyejua. Kwa maneno mengine, kilichompeleka vitani ni lugha.

4.0 KAMPENI ZA MWANZO

Katika mwaka wa kwanza wa vita upande wa Mahjub ulikuwa ukishinda. Tarehe 15 Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, wakawa na mguu ndani ya Kenya na kuitishia reli ya Mombasa. Tarehe 20 Septemba Königsberg iliivamia Pegasus iliyokuwa ikifanyiwa matengenezo bandarini Unguja, ikaizamisha. Kwa watu wa Dar es Salaam waliosikia mizinga ya Pegasus wiki sita kabla, hilo lilikuwa jibu.

Ushindi mkubwa ulikuwa wa Tanga. Tarehe 2 Novemba msafara wa meli kutoka India, chini ya Jenerali Arthur Aitken, ulifika mbele ya mji huo ukiwa na wanajeshi wapatao 8,000. Waingereza walitoa taarifa kwanza kwamba hawatambui tena makubaliano ya kutoushambulia mji, na kwa kutoa taarifa hiyo wakawapa Wajerumani muda. Wakashuka Ras Kasone badala ya bandarini, wakakawia. Muda huo ulitosha kwa simu kwenda Moshi na kwa treni kurudi Tanga. Kombania moja baada ya nyingine ilishuka kutoka Kilimanjaro kwa reli iliyokamilika miaka mitatu tu nyuma. Mapigano makali yalipofanyika tarehe 4, Lettow-Vorbeck alikuwa na watu wapatao 1,000. Waingereza walirudishwa baharini. Nyuki waliofumuliwa mizingani waliwashambulia wapiganaji wa pande zote mbili, na kisa hicho kimesimuliwa sana hata vita vyenyewe vikaitwa kwa jina lao. Waingereza waliouawa walifikia 360 hivi, na upande wa Wajerumani wapatao 70, wengi wao askari Waafrika. Jeshi lililokuja kuteka koloni liliacha ufukoni mamia ya bunduki mpya, bombomu, na risasi zipatazo 600,000.

Vitabu vingi huueleza ushindi wa Tanga kwa akili ya kamanda mmoja na uzembe wa mwingine. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yana pengo. Tanga ilishindwa na kushindiwa kwa waya wa simu na kwa reli, na pia kwa askari waliozijua njia za mashamba ya minazi na mpira, na ambao hawakukimbia walipoona meli 14. Walioipeleka habari na walioipokea ni watu wa kada ile ile aliyokuwa akiandaliwa Mahjub. Pasipo mtu wa ishara, akili ya kamanda haitoki kichwani mwake.

Aidha, ushindi ulikuwa na bei. Dar es Salaam ilipigwa tena mizinga tarehe 28 na 30 Novemba, na jumba la Gavana likabomolewa. Ikulu ya leo ilijengwa mahali hapo. Serikali ya koloni ilikwisha kuhamia Morogoro. Mwezi Januari 1915, huko Jasini karibu na mpaka wa Kenya, Wajerumani walishinda tena, lakini kwa kupoteza maofisa wengi na kufyatua risasi takribani 200,000 katika siku mbili. Lettow-Vorbeck alitambua kwamba hawezi kushinda mara nyingi kwa namna hiyo. Tangu hapo aliepuka mapambano makubwa, akageukia kushambulia reli ya Uganda kwa vikundi vidogo. Königsberg iliyojificha katika delta ya Rufiji iliharibiwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi ilitolewa majini na kukokotwa nchi kavu kwa nguvu za mamia ya watu, kisha ikatumika katika pande mbalimbali za nchi.

Mwaka 1916 hali ilibadilika kabisa. Jenerali Jan Smuts alikuja na jeshi kubwa kutoka Kusini mwa Afrika. Waingereza waliichukua Bagamoyo katikati ya Agosti, wakateremka kufuata pwani, na tarehe 4 Septemba 1916 Dar es Salaam ilisalimu amri. Tarehe 19 mwezi huo Wabelgiji wakaingia Tabora. Kuanzia hapo jeshi la Wajerumani halikuwa na mji wa kuulinda wala ghala la kutegemea. Lilikula shamba lililokuwa mbele yake na kuliacha tupu. Majeshi ya Waingereza nayo yalichukua watu kwa nguvu ili wabebe mizigo, na wapagazi waliokufa upande wao hawakupungua 95,000, wengi kwa maradhi na njaa. Huko Ugogo njaa ya miaka iliyofuata ilipewa jina la Mtunya, na wazee walihesabu umri kwa jina hilo.

Mahjub aliendelea. Mtoto aliyeondoka akiwa na miaka kumi alitimiza miaka kumi na mitatu safarini. Mwezi Oktoba 1917 alijeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, nyuma ya Lindi, mji ule ule alikofanya kazi ya karani. Yalikuwa mapigano makali kupita yote ya vita vile katika nchi yetu. Yalidumu siku nne, kuanzia tarehe 15 hadi 18, na Waingereza walipoteza zaidi ya nusu ya watu 4,900 walioingia, kwa kuuawa na kujeruhiwa. Aghalabu ni Waafrika waliouana: askari wa Kijerumani kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine brigedi ya Wanaijeria pamoja na askari wa King's African Rifles. Mahjub akawa mateka wa Waingereza. Wenzake walivuka Ruvuma, wakazunguka Msumbiji, wakarudi kupitia Songea, na kusalimu amri huko Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Mishahara ya miezi mingi ilibaki haijalipwa.

5.0 KUTOKA MAHIWA HADI BERLIN

Alipoachiwa, Mahjub alikuwa kijana asiye na jeshi, mwenye ujuzi wa lugha za watawala walioondoka na za mji alimozaliwa. Alifanya kazi ya utumishi, na kuanzia katikati ya miaka ya 1920 alikuwa mhudumu katika meli za kampuni ya Kijerumani zilizopita pwani ya Afrika ya Mashariki. Mwaka 1929 alishuka Ujerumani, akaenda Berlin.

Alikwenda kwa shabaha maalumu. Aliwasilisha katika Wizara ya Mambo ya Nje madai ya mishahara ya vita isiyolipwa, yake mwenyewe na ya baba yake. Madai hayo yalikataliwa kwa hoja kwamba muda wa kuyatoa ulikuwa umepita. Jambo hili ndilo kiini cha habari yetu. Katika miaka hiyo hiyo Lettow-Vorbeck alikuwa shujaa wa taifa. Mwaka 1919 alikuwa ameandamana kwa farasi mjini Berlin, na kitabu chake cha kumbukumbu za vita kilichotoka mwaka 1920 kiliwasifu askari kwa uaminifu wao. Sifa zilitolewa hadharani, na hela zikazuiwa mezani.

Mahjub hakurudi. Alifanya kazi ya kuhudumia wageni katika Haus Vaterland, jumba mashuhuri la starehe, ambamo mtu mweusi alikuwa sehemu ya mapambo. Tarehe 27 Januari 1933 alimwoa Maria Schwandner, na wakajaliwa watoto. Siku tatu baadaye Adolf Hitler alishika madaraka.

Mwaka 1934 Mahjub aliomba nishani iliyokuwa ikitolewa kwa waliopigana mstari wa mbele katika Vita Kuu. Alinyimwa. Akajinunulia nishani kwa mfanyabiashara, akaivaa. Mtu aweza kulicheka tendo hili. Sisi twaliona kuwa ni tendo la mdai ambaye, aliponyimwa stahili yake mlangoni, aliichukua dirishani. Alishiriki pia katika mikutano ya watu waliotaka Ujerumani irudishiwe makoloni, akivaa sare ya askari, na aliingia katika maonyesho yaliyoitwa ya Kiafrika yaliyotembezwa katika miji ya Ujerumani. Alipoteza kazi yake Haus Vaterland mwaka 1935. Katika miaka iliyofuata alionekana katika sinema zaidi ya ishirini, karibu zote katika nafasi za mtumishi, mpagazi au mhudumu. Kubwa kuliko zote ilikuwa sinema ya mwaka 1941 ya kumtukuza Carl Peters, mtu ambaye mikataba yake ya Usagara ya mwaka 1884 ndiyo iliyoanza kuifanya nchi yetu koloni, na ambaye watoto wetu shuleni humjua kwa jina la Mkono wa Damu.

Je, Mahjub alikuwa msaliti wa nchi yake? Swali hili halikwepeki. Ni kweli kwamba aliipa sura na sauti yake kazi ya kuwatukuza waliowadhulumu ndugu zake. Hata hivyo, mtu hawezi kulipima jambo hili bila kutazama njia zilizokuwa wazi. Mwafrika katika Ujerumani ya Hitler hakupata kazi kiwandani wala ofisini. Alipata kazi mahali ambapo weusi wake ulihitajika. Alikuwa na mke na watoto. Kadi pekee aliyokuwa nayo mkononi ilikuwa uaskari wake, na aliicheza kila mahali palipowezekana, hata mwaka 1939 alipojitolea kuingia tena jeshini na kukataliwa.

6.0 MWALIMU ASIYEITWA MWALIMU

Kwa wasomaji wa jarida hili iko sehemu ya maisha ya Mahjub inayotuhusu zaidi. Huko Berlin alifundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu, katika idara iliyotokana na ile Seminari ya Lugha za Mashariki iliyoanzishwa mwaka 1887. Cheo chake hakikuwa mwalimu bali msaidizi wa lugha, na malipo yake yalilingana na cheo. Wanafunzi wake walikuwa watu waliotarajia kutawala Afrika siku Ujerumani itakaporudishiwa makoloni.

Hakuwa wa kwanza. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, alifundisha katika Seminari hiyo kuanzia mwaka 1900. Maandishi yake yalikuwa nguzo ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa mwaka 1903 chini ya jina la Carl Velten. Alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na alipojaribu kurudi naye nyumbani mwaka 1905 wakuu wa Dar es Salaam hawakumruhusu kushuka pamoja na mkewe. Mtoro alifariki Berlin mwaka 1927. Miaka miwili baadaye akaja Mahjub.

Mpango wa kazi ulikuwa ule ule. Sarufi ilikuwa mali ya profesa, na Mwafrika alikuwa kinywa cha kutolea mifano. Profesa aliuliza, msaidizi alitamka, profesa akaandika. Taaluma yetu ya isimu imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya meza ya namna hiyo, na sisi tunaofundisha Kiswahili leo ni warithi wa vinywa vile kuliko tunavyokiri. Katika vitabu vya zamani tunavyovitumia mna sentensi ambazo hatujui nani alizitamka kwanza.

Hata majina yake yatufundisha. Kwa desturi ya kwao alikuwa Mahjub, mwana wa Adam, mwana wa Mohamed. Ofisi za Ulaya zilitaka jina la ukoo, nalo likapatikana: Husen, kwa tahajia iliyofuata matamshi ya Kijerumani. Mahjub ni neno la Kiarabu lenye mzizi mmoja na hijabu. Maana yake ni aliyefunikwa au aliyesitiriwa. Mtu huyu alifunikwa kweli kweli, kwani anayemtafuta kwa jina alilopewa na wazazi wake hamwoni katika orodha nyingi, na anayemwona kwa jina la Husen huenda asijue kwamba anamtazama mtoto wa Dar es Salaam.

Kazi ya chuoni iliisha mwaka 1941. Mwaka huo huo polisi wa siri walimkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke wa Kijerumani, jambo lililohesabiwa na utawala ule kuwa uchafuzi wa mbari. Hakufikishwa mahakamani. Alipelekwa Sachsenhausen, kaskazini ya Berlin, akakaa huko miaka mitatu, na akafa tarehe 24 Novemba 1944. Siku iliyofuata ilitimia miaka 26 tangu wenzake waweke silaha chini huko Abercorn.

7.0 HITIMISHO

Mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck akiwa na miaka 93, Bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wa zamani waliokuwa wangali hai katika nchi yetu. Wazee walijitokeza kudai, baadhi wakiwa hawana cheti chochote. Ilikuwa imepita nusu karne tangu vita vianze. Mahjub alikuwa amekufa miaka 20 kabla, mikononi mwa nchi aliyoidai. Mwaka 2007 kibamba kidogo cha shaba chenye jina lake kiliwekwa kwenye njia ya miguu katika Mtaa wa Brunnenstraße, Berlin, mbele ya nyumba namba 193 alimokaa. Dar es Salaam, alikozaliwa, hakuna kitu kama hicho.

Makala hii haipendekezi kwamba askari wa Wajerumani afanywe shujaa. Damu ya Maji Maji haijakauka katika kumbukumbu za watu kiasi hicho. Inachopendekeza ni kwamba tuache kuisoma historia ya mwaka 1914 kama pambano la majenerali wawili, mmoja mwerevu na mwingine mzembe, huku watu wetu wakiwa mandhari tu. Wanafunzi wetu wajue kwamba katika jeshi lililopiga kambi Pugu, wakati mji wao ulipokuwa ukilengwa na mizinga, mlikuwa na mtoto wa darasa la nne la siku hizi aliyejifunza kutuma habari za watu wazima kwa kioo. Wajue pia kwamba baadaye mtoto huyo alikuwa mwalimu wa lugha yao, hata kama hakuitwa hivyo.

Wajerumani waliondoka, rupia yao ikatoweka, na Heller haikuonekana tena sokoni. Neno hela lilibaki, nalo hutamkwa kila siku katika vibanda vya Temeke na Kinondoni na watu wasiojua lilikotoka. Lina umri sawa na Mahjub. Yeye alilivuka bahari kwenda kulidai, na hakulipwa.